Kura Kumi na Tisa za Lubuk Sentang

Ukitaka kujua historia ya kiti cha Lubuk Sentang katika bunge la jimbo la Kelantan, usijisumbue kwenda wilayani kufukua makabati. Njoo kwangu. Mwaka 1959 Chama cha Taa kilishinda kwa kura 804. Mwaka 1964 kwa 310. Mwaka 1969 kwa 122, na siku hiyo mvua ilinyesha mpaka masanduku mawili ya kura yakavushwa mto kwa mtumbwi. Mwaka 1974 Taa na wapinzani wao, Chama cha Kasia, waliungana, mgombea akapita bila kupingwa, kisha wakaachana kwa matusi. Mwaka 1978 Kasia wakatunyang'anya kiti kwa 447. Vijana wa mgahawani hunijaribu. "Pok Pa," huniita hivyo kwa kuwa ni mzee wao, "themanini na sita?" Nami huwajibu kabla kikombe hakijatua mezani: "Tulishindwa kwa mia mbili na kumi na nne, kura thelathini na nane zikaharibika." Hucheka, hunilipia chai, huniambia nina kichwa.

Kichwa ninacho, sikatai. Lakini kuna mwaka mmoja ambao wakiutaja mimi hunywa chai yangu haraka nikaondoka, nao ni 1982.

Nilikuwa katibu wa tawi la Taa kwa miaka thelathini na sita. Kaka yangu Deraman alikuwa mtu wa Kasia. Haya ninayoandika ni maisha yake, si yangu, ila siwezi kuyasimulia bila kujitokeza humo, na kila nitakapojitokeza nitakuwa nimevaa aibu yangu. Sitaki mtu anihurumie. Nataka tu isemwe ilivyokuwa.

Deraman alizaliwa mwaka 1940, mtoto wa kwanza wa Awang Kechik, mgema utomvu wa miti ya mipira. Mimi nilizaliwa miaka tisa baadaye. Mama alipofariki nilikuwa na miaka minne, na tangu siku hiyo aliyenipikia wali, aliyenifunga saruni na kunipiga makofi nilipostahili ni Deraman. Shule aliiachia darasa la nne. Alfajiri alikuwa akitoka na Baba kugema, mchana anakanda utomvu, jioni ananikagua daftari ambalo yeye mwenyewe alishindwa kulisoma. Alilishika juu chini mara nyingine, na mimi, mwehu, nilikuwa nacheka.

"Pa," alikuwa akiniambia, "wewe utasoma kwa niaba yetu sote."

Nikasoma. Nilipomaliza shule ya serikali alinipeleka chuo cha dini ng'ambo ya mto, miaka miwili, na kila Ijumaa alikuja kwa baiskeli na gunia la mchele mgongoni. Wenzangu walidhani ni mtumishi wetu. Sikuwasahihisha. Unaona? Nimeanza kujitokeza.

Kazi iliyompa Deraman heshima ni kuchinja. Alifundishwa na Baba, naye Baba na babu. Kisu alikinoa mbali, nyuma ya nyumba, ili mnyama asikione. Ng'ombe akilazwa, alimpapasa shingo polepole na kumfunika jicho kwa jani la mgomba, kisha akatamka bismillahi, akapitisha kisu mara moja, basi. Hakuna aliyewahi kumwona akirudia. Vijiji vitatu vilimwita kwenye harusi, akika na hitima. Malipo yake yalikuwa kipande cha shingo, na hata hicho mara nyingi alikigawa njiani. Ukimsifu alitazama chini akajikuna shavu. Mkewe Kalthum, tunayemwita Mek Tom, ndiye aliyekuwa msemaji wa nyumba. Ulimi wake ulikuwa mkali kuliko kisu cha mumewe, na wote wawili walilijua hilo.

Siasa ya Deraman ilikuwa bomba la maji. Mwaka 1977 mtu wa Kasia alileta bomba mpaka mlangoni kwetu, akamshika kaka mkono, akamwomba kura. Kaka akampa neno lake. Ilani ya chama hakuijua hata mstari mmoja. Nilipomkalisha chini kumweleza ubaya wa Kasia, alinisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Yote kweli, Pa. Lakini mkono nimeshampa."

Basi tukafika 1982. Kura za kijiji chetu zilihesabiwa katika darasa la shule. Mimi wakala wa Taa, yeye wakala wa Kasia, tumekaa benchi moja la watoto, magoti yamefika kidevuni. Tulikula wali katika jani moja la mgomba. Kila karatasi ikiinuliwa yeye alinong'ona, "Yenu," au "Yetu," kama mtu anayegawa mayai. Matokeo ya vituo vyote yalipojumlishwa, tulikuwa tumeshindwa kwa kura kumi na tisa.

Kumi na tisa! Nilikwenda nyumbani nikachukua penseli. Nyumba ya kaka yangu na za wakwe zake zilikuwa na wapiga kura kumi na wawili. Kama ningewageuza hao kumi na wawili, kiti kingekuwa chetu kwa kura tano. Tawi zima lilipiga hesabu hiyo hiyo, na kila nilipoingia mgahawani nilikuta mazungumzo yamekatika.

Wiki ya pili alikuja ustadhi mmoja mgeni kutuhutubia. Jina lake silitaji, ameshatangulia, na mzigo ninaousema hapa si wake. Alisema wanaoiunga mkono Kasia wameitupa dini, hivyo swala nyuma yao haisihi na wanachokichinja ni kibudu. Watu walishangilia. Ijumaa iliyofuata msikiti wetu ukawa na maimamu wawili: wa kwanza akimaliza na watu wake, sisi tuliokuwa tunangoja nje tunaingia na wa kwetu. Tulikanyaga mikeka ambayo bado ilikuwa na joto la waliotutangulia.

Siku hiyo ndiyo niliyoulizwa. Tulikuwa tumesimama kwenye ngazi za msikiti tukingoja zamu yetu, watu kama arobaini. Fundi mmoja wa baiskeli, mwenye mdomo, akapaza sauti makusudi.

"Katibu! Vichinjo vya Kasia ni kibudu, tumeelewa. Na vya kaka yako je? Au vyenu vya nyumbani vina kibali?"

Watu wakacheka. Wakanigeukia wote.

"Hata vya kaka yangu," nikasema.

Deraman alikuwa kwenye birika, hatua kumi kutoka hapo, anatawadha. Alikuwa amefika miguuni. Akamaliza mguu wa kulia, akaosha wa kushoto, akafunga maji vizuri yasipotee, akapita katikati yetu kwenda kuswali. Hakunitazama. Aliniepusha na kutazamwa, nadhani.

Baba alifariki kabla ya mwezi huo kwisha. Aliswaliwa mara mbili, mara moja nyuma ya imamu wao na mara moja nyuma ya imamu wetu, na jeneza likangoja katikati uwanjani huku watu wakipishana. Mtu aliyegema mipira maisha yake yote bila kumgusa jirani hata kwa neno, maiti yake tukaifanya foleni. Mimi nilisimama safu ya mbele ya swala ya pili, kifua mbele, nikijiona shujaa.

Arobaini ilipofika, Deraman alichinja fahali. Mimi na watu wa Taa hatukwenda. Saa sita mchana Mek Tom alikuja nyumbani kwangu amebeba sufuria kichwani, mchuzi wa nyama ya arobaini ya baba yangu mzazi. Aliiweka kwenye ngazi. Akaifunika vizuri, akarudi zake. Mke wangu Rokiah alinitazama.

"Ni chakula cha Baba," alisema. "Tusile, sawa, lakini tuwape majirani."

"Majirani nao ni Waislamu," nikamjibu.

Nikachukua jembe, nikachimba shimo chini ya migomba, nikaumwaga mchuzi wote humo na kufukia. Rokiah aliingia ndani akajifungia. Kesho yake Mek Tom alifuata sufuria yake. Kenge wa mtoni walikuwa wamefukua kila kitu. Vipande vya nyama vilikuwa vimetapakaa uani, nzi tele, na kenge mmoja mnene bado anavuta mbavu. Mek Tom alisimama akaangalia. Aliokota sufuria, akaifuta udongo kwa upindo wa saruni, akaondoka. Mimi nilikuwa dirishani, nyuma ya pazia, na nilijificha huko mpaka alipomaliza kuvuka shamba la mpunga.

Hilo shamba ni upana wa majaruba sita. Sikulivuka kwa miaka arobaini na mmoja.

Usidhani tuliacha kuonana. Tulionana sokoni, kwenye foleni ya posta, barabarani. Alinisalimia, nami nilitikisa kichwa kama mtu anayefukuza mbu. Baada ya ile arobaini nilisikia kwamba watu wa Kasia sasa wanachinjiwa na mtu aitwaye Hamat. Nilimwambia Rokiah, "Unaona? Hata wenzake wamemchoka." Nilifurahi. Nalisema hili mchana kweupe: nilifurahi.

Mwaka 1990 tulikirudisha kiti kwa kura 2,061. Nilipanda juu ya lori na ngoma na bendera, na ni mimi niliyemwambia dereva apite njia ya mtoni, ingawa haikuwa njia yetu. Mbele ya nyumba ya Deraman tukasimama, tukapiga ngoma robo saa nzima. Alikuwa anafagia. Alisimama na ufagio wake mpaka tulipochoka, akatuinulia mkono kutuaga.

Mwaka uliofuata bintiye wa pekee, Zainun, aliolewa. Alikuja mwenyewe kunialika.

"Ami," alisema, "njoo tu ukae. Si lazima ule."

"Nina mkutano wa tawi," nikasema.

Hakukuwa na mkutano. Nilikaa uvunguni, kati ya nguzo zinazoinua nyumba yangu, siku nzima, nikisikiliza vigelegele vya harusi ya mtoto wa kaka yangu kutoka ng'ambo ya mpunga, nikipanga upya matokeo ya uchaguzi kituo kwa kituo ili nisivisikie.

Tulishinda 1995, tukashinda 1999. Mwaka 2004 tulipoteza kwa kura tatu baada ya kuhesabu mara mbili, na nilitangaza mbele ya kamati kwamba mbili kati ya hizo tatu zinajulikana zilikotoka, ni za Deraman na mkewe. Kila uchaguzi niliandika majina yao katika safu ya Kasia. Baadaye tukashinda tena, mara tatu mfululizo. Rokiah alifariki mwaka 2016. Deraman alikuja mazishini, akasimama mwisho kabisa karibu na uzio, akaondoka kabla sijapata la kumwambia. Wala sikulitafuta sana.

Halafu wakubwa wakaungana tena. Ndivyo ilivyokuwa: tuliwasha redio tukaambiwa Taa na Kasia sasa ni kitu kimoja. Uchaguzi wa jimbo wa 2023 ulipokaribia, mwenyekiti wetu wa tawi, Mwalimu Nordin, kijana wa miaka arobaini na kitu, alinifuata nyumbani na furushi la karatasi.

"Pok Pa, safari hii Lubuk Sentang tumewaachia Kasia."

"Mmewaachia kitu gani?"

"Kiti. Wao wagombee hapa, sisi tugombee kwingine. Makubaliano ya juu."

"Na mimi nibebe karatasi zenye picha ya kasia?"

"Zibebe tu, Pok. Hawa sasa ni ndugu zetu."

"Tangu lini?"

Alifikiri. "Tangu kikao cha Jumanne."

Nilicheka peke yangu, cheko baya. Yeye hakuona cha kuchekesha. Alifungua orodha yake. "Nimekupa nyumba za kule mtoni. Yuko Pok Man, kaka yako. Damu yako ile, itakuwa rahisi."

Nilikubali. Ningeweza kusema magoti yananiuma. Lakini karatasi zile zilinipa kisingizio, na nilikuwa nimekitafuta tangu Rokiah alipokufa. Nilitaka jambo moja tu kabla sisi wawili hatujaitwa: kupanda ngazi za kaka yangu, nile nyumbani kwake, aniambie yamepita. Ningeomba msamaha wenye maneno mazuri. Mimi si ndiye msomi? Nilijipangia kwamba nitasema tulidanganywa na yule ustadhi mgeni, zama zilikuwa mbaya, sote tulikosa.

Mek Tom alikuwa amekaa kwenye ngazi anachambua dagaa. Amekuwa bibi wa miaka sabini na nane, mdogo kama mtoto.

"Asalamu alaykum, shemeji."

"Waalaykumu salaam. Umepotea, au umetumwa?"

"Ni mimi, Setapa."

"Nakuona. Kilichoharibika ni goti, si jicho." Aliipokonya karatasi mkononi mwangu, akaisogeza karibu na pua. Kisha akageuza kichwa ndani. "Deraman! Njoo uone maajabu! Katibu wa Taa anatembeza Kasia!"

Ndani nilisikia kicheko, kikageuka kikohozi, kikarudi kicheko.

"Mwambie apande! Ngazi ya tatu imeoza, airuke!"

Nikairuka. Deraman alikuwa amekaa kwenye mkeka karibu na dirisha, mwembamba, nyusi nyeupe, amevaa fulana iliyotoboka begani. Alinishika mkono kwa mikono yake yote miwili, wala hakuuachia upesi.

"Umezeeka, Pa."

"Wewe je?"

"Mimi nimezeeka zamani, nimeshazoea. Haya, niuzie hiyo kasia yako."

"Kaka, naomba... chama kinaomba kura yako."

"Kwa Kasia."

"Kwa Kasia."

"Wewe unaniomba mimi." Alijifuta machozi ya kicheko. "Pa, mimi sijapiga kura tangu themanini na mbili. Neno langu nilimpa yule mheshimiwa wa bomba, naye alikufa themanini na tano. Baada ya hapo sikuwa na deni kwa mtu. Siku ya kura huwa nakwenda kutega samaki."

Nikakumbuka safu zangu zote, jina lake uchaguzi baada ya uchaguzi upande wa Kasia, na zile kura tatu za 2004. Sikujua nitazame wapi.

"Mimi napiga," alisema Mek Tom kutoka kwenye ngazi. "Ila simwambii mtu. Mkitaka mjue, mnihesabu upya."

Adhuhuri ilifika, tukaswali, mimi nyuma yake. Kisha Mek Tom akaandaa: wali, majani mabichi, samaki wa kukaanga, yai. Hapo nikaona ndiyo saa yangu. Nikaweka mkono pembeni ya sahani.

"Kaka, nina ombi. Nichinjie kuku. Wewe mwenyewe, kwa mkono wako. Nataka nile kichinjo chako."

Mek Tom aliacha kupakua. Kaka alitazama chini akajikuna shavu.

"Siku hizi sichinji, Pa."

"Kwa sababu ya uzee?"

"Hajashika kisu tangu siku niliyofuata sufuria kwako," alisema Mek Tom.

"Tom," alisema kaka.

"Niache niseme, nimenyamaza ya kutosha! Wewe katibu ulidhani ameachishwa na nani? Hamat? Kisu alimpa Hamat yeye mwenyewe, akamsihi achukue. Tena nikwambie na jingine. Jioni ile ile alinijia jikoni, ananiambia, Tom, tukafunge ndoa upya, huenda ile ya kwanza imeharibika, kama kweli nimetoka katika dini. Tukaenda kwa kadhi wa mbali tusijulikane, nina mtoto wa miaka kumi na tatu, nimejifunika uso kama mwari! Nimeolewa mara mbili na mwanamume yule yule, na mara ya pili sikupata hata leso."

Alitaka nicheke, nadhani, au alitaka kuona kama nitathubutu. Deraman alikuwa akipanga punje za wali ukingoni mwa sahani.

"Wewe ndiye uliyesoma, Pa," alisema polepole, bila ubishi wowote. "Mimi niliishia darasa la nne. Uliposema pale msikitini nilijiambia huyu ananijua, nimemlea, hawezi kusema hivyo bila sababu. Huenda nakosea mahali. Labda natamka vibaya, labda nia yangu ina kasoro. Nikaanza kuwakumbuka wote, kila fahali, kila harusi. Baba mwenyewe kala mkononi mwangu. Nikasema, kama ni kweli, nimewalisha watu kibudu miaka ishirini. Nitawajibu nini kesho? Na ulipoufukia mchuzi wa arobaini, nikaona bora niache."

Maneno yangu mazuri yote yalinitoroka.

"Ilikuwa halali," nikasema. "Yote. Siku zote ilikuwa halali, kaka."

Aliinua macho. "Unasema hivyo kwa kuwa unajua, au kwa kuwa wameungana? Sabini na nne waliungana pia, kisha wakaachana. Wakiachana tena, nyama yangu itakuwa nini?"

Hapo ndipo ningeweza kumtupia lawama mgeni. Mdomo wangu ulikuwa umeshafunguka. Lakini alikuwa ananitazama kama alivyolitazama daftari langu zamani, akitumaini kwamba kilichoandikwa humo ni kizuri, nikashindwa.

"Najua. Nilijua hata siku ile."

"Ulijua nini?"

"Kwamba ni halali. Chuoni tulifundishwa wiki ya kwanza, jambo jepesi, hata mtoto analijua. Nilipokuwa kwenye zile ngazi nilijua ninasema uongo. Nilipochimba shimo nilijua."

"Basi kwa nini?"

"Tulishindwa kwa kura kumi na tisa. Nyumba zenu zilikuwa na kura kumi na mbili. Watu walikuwa wananitazama."

"Kumi na tisa," alisema. Nikaona kwamba hakuikumbuka kabisa hiyo namba. Namba niliyolala nayo na kuamka nayo, yeye alikuwa anaisikia upya. Alisogeza sahani yake kando.

"Bora ungesema hukujua," alisema. "Miaka yote watu wakikusema nimekutetea. Nawaambia Pa hana ubaya, Pa anaogopa dhambi, ndiyo maana. Hata Tom nimegombana naye juu yako."

Nilianza kulia, na kilio changu kikanichukiza, maana hata hicho kilikuwa kinaomba kitu. Mek Tom alinyanyuka, akateremka ngazi akiishika nguzo kwa ajili ya goti. Tulisikia kuku wakipiga kelele uvunguni. Alirudi na jogoo mwekundu kwapani na kisu cha jikoni mkononi, akanisukumia jogoo kifuani.

"Mshike miguu," aliniambia. "Na wewe Deraman, shuka. Leo utachinja, na huyu atakula mpaka mfupa mbele yangu."

"Tom, mkono wangu..."

"Mkono wako mzima. Shuka!"

Tukashuka wote watatu. Deraman alikwenda nyuma ya nyumba kunoa. Alichukua muda mrefu, nami nilibaki nimechuchumaa, jogoo amenyamaza mikononi mwangu, moyo wake unagonga viganja. Kaka alirudi, akaelekea kibla, akampapasa shingo polepole. Mkono ulikuwa mtulivu. Nikasema moyoni, imekwisha, amerudi.

Akatamka, "Bismillahi, Allahu akbar," kisha kisu kikabaki hewani.

"Ndivyo, Pa?"

"Ndivyo, kaka."

Alikishusha mpaka manyoyani, akakiinua tena.

"Nimetamka sawasawa? Nisikilize vizuri." Akatamka upya, taratibu, neno kwa neno, mzee wa miaka themanini na mitatu, kama mtoto mbele ya mwalimu mkali.

"Sawasawa kabisa. Ulikuwa sawa tangu mwanzo. Chinja, kaka, nakuomba."

Mek Tom aligeukia nguzo ya nyumba. Deraman aliitikia kwa kichwa, akakaza vidole kwenye mpini, akatamka mara ya tatu, na kisha akanitazama tena usoni, akingoja nimruhusu.